Mto wa Jumanne

Fundi aliporudi kutoka kiwandani jioni ile alikuta karatasi zimeanikwa kwenye kamba ya nguo, katikati ya shuka na soksi, kila moja imebanwa kwa vibanio viwili. Zilikuwa kumi. Alizipita akielekea mlangoni, akaenda hatua mbili tatu, kisha akarudi kinyumenyume kama mtu aliyeitwa.

Zote kumi zilikuwa picha za mahali pamoja: kona ya mto nyuma ya shule, matete upande huu, jiwe bapa upande ule. Katika nyingine maji yalikuwa ya udongo, katika nyingine ya kijani. Lakini katika ile ya nane yalikuwa mekundu. Wekundu wenyewe haukuwa wa damu wala wa nyanya. Ulielekea kwenye zambarau, na ndani yake mlikuwa na manjano kidogo sana ambayo mtu asiye wa kazi asingeiona. Fundi alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye matangi ya kiwanda cha kutia rangi vitambaa. Aliijua rangi ile kama anavyoijua sauti ya mama yake. Kiwandani waliiita nyekundu namba nne, na mchanganyaji wake alikuwa yeye.

"Chiriku!" aliita.

Binti yake wa miaka kumi, ambaye jina hilo alilipata kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika, alitoka jikoni akitafuna karoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani kakuchanganyia rangi hii?"

"Mwenyewe. Ilinisumbua, baba, we acha tu! Kwanza ilikuwa kama tofali. Nikatia bluu, ikawa kama zabibu iliyooza. Halafu nikatia manjano tone moja tu, ikakubali." Alimtazama baba yake usoni. "Kwani nimekosea?"

"Hujakosea," alisema Fundi polepole. "Hujakosea hata kidogo."

Hilo ndilo lililomtia baridi.

Mama yake Chiriku ndiye aliyekuwa mwalimu wa darasa la tano alilosoma binti huyo, na watu mtaani walimwita Mwalimu hata alipokuwa sokoni. Darasa lake halikuwa kama mengine. Watoto walikaa kwenye duara, kila siku na mwenyekiti wake, na mambo yao waliyaamua kwa kura. Mwanzo wa muhula alikuwa amewauliza wanataka kusoma viumbe hai wapi: kwenye bustani ya maua ya Mwalimu Mkuu, au mtoni. Mto ulipata kura ishirini na mbili, bustani kumi na tano. Basi kila Jumanne walishuka mtoni, kila mtoto akakaa kwenye kona yake ileile, akachora anachokiona. Mwalimu hakuwaandikia ubaoni kwamba kereng'ende hupumzika ametandaza mabawa. Waligundua wenyewe, baada ya mabishano makali kati ya watoto wawili waliomchora tofauti. Viluwiluwi nao waliwahesabu kwa kuwachora. Kwa majuma kumi, waliokaa upande wa juu wa mto, kabla ya bomba linalotoa maji ya kiwanda, walijaza karatasi zao viluwiluwi. Waliokaa chini ya bomba hawakuchora hata mmoja, maana hawakumwona.

Chiriku alikaa chini ya bomba.

*

"Mama Chiriku, hizo picha zinakwenda wapi?" Fundi aliuliza. Mkewe alikuwa akimenya viazi, na mama yake Fundi amekaa kwenye kigoda kando yake, akichambua maharage kwenye sinia.

"Ukutani. Jumamosi si siku ya wazazi?"

"Na mgeni rasmi?"

Mwalimu aliacha kumenya. "Unamjua."

"Nataka nikusikie ukisema."

"Tajiri yenu wa kiwandani. Ametoa madawati, Mwalimu Mkuu kamwalika."

"Kwa hiyo Tajiri atasimama mbele ya ukuta, aone mto wake mwekundu, kisha ageuke aulize ni mtoto wa nani aliyechora. Aambiwe ni mtoto wa Fundi. Na mwalimu ni nani? Mke wa Fundi." Alivuta kiti akaketi. "Zitoe, Mama Chiriku. Tundikeni vyura. Tundikeni hao kereng'ende wenu."

"Siwezi kuzitoa peke yangu. Kesho darasa linapiga kura, picha zipi zitundikwe. Mimi nina kura moja kama wao."

"Kura moja! Wewe ni mwalimu au mwanafunzi?"

"Mwalimu. Ndiyo maana siwezi kuwaambia watoto kwamba kura zao ni za kweli wakichagua bustani au mto, lakini likija jambo zito zinakuwa mchezo."

"Enzi zetu mwalimu alikuwa na fimbo, hakuwa na kura," Bibi alisema bila kuinua macho kwenye sinia.

"Na ulijifunza nini, mama?" Mwalimu alimuuliza.

"Kukimbia."

Wote watatu walicheka, hata Fundi. Lakini kicheko kilipokwisha jambo lilikuwa palepale, limekaa nao mezani.

"Sikukatazi kuja," Mwalimu alisema mwishowe. "Mtu yeyote mwenye hoja anaruhusiwa kuja darasani. Njoo uwaambie mwenyewe."

"Niende nikawabembeleze watoto?"

"Ukawaambie. Kubembeleza au kutobembeleza ni juu yako."

*

Asubuhi, kabla hajafunga aproni, Fundi aliitwa na Msimamizi. Ofisi yake ilikuwa juu ya ngazi, ina kioo kikubwa cha kutazamia matangi. Msimamizi alikuwa akimenya yai la kuchemsha juu ya gazeti. Kiti cha pili kilikuwepo, lakini juu yake palikuwa na kofia yake, naye hakuiondoa.

"Mwalimu Mkuu kanipigia simu," alisema. "Anaona haya kumwambia mkeo, kaniambia mimi. Sasa mimi nakwambia wewe. Unaona mambo yanavyozunguka?"

"Naona."

"Mimi sina ugomvi na michoro. Hata mwanangu anachora. Anachora nyumba, anachora jua lina miguu. Kwa nini wenu wachore bomba?"

"Wamechora mto."

"Mto una bomba?"

"Unalo."

"Basi." Alitia chumvi kwenye yai. "Tajiri akizomewa na watoto kwa rangi, unadhani atamkasirikia nani? Watoto? Fundi, wewe ni mtu mzima. Mwanaume hashindwi kuongea na mkewe."

Fundi alitazama kwenye kioo. Chini yake, nyuma ya kioo, wenzake walikuwa wameanza kukoroga, na mmoja wao aliinua uso kutazama juu, akauinamisha haraka.

"Naomba ruhusa ya saa moja, mchana," alisema. "Niende shuleni."

"Hata mbili chukua. Ukitoka, nitupie haya maganda."

Fundi alikusanya maganda ya yai kutoka kwenye gazeti, vipande vidogo vidogo vilivyogandamana na vidole vyake vyenye rangi isiyotoka kuchani. Aliteremka ngazi ameyashika mkononi, mbele ya macho ya wote, akitafuta pipa la taka kama mgeni.

*

Darasani hakuna aliyesimama alipoingia. Mwenyekiti wa siku ile, msichana mdogo mwenye pengo mbele, alimwonyesha kiti kilichobaki kwenye duara. Kilikuwa kifupi. Magoti ya Fundi yalimfika karibu na kidevu. Mkewe alikuwa upande wa pili, amekaa kwenye kiti kifupi kama chake, daftari mapajani, akamsalimu kwa kichwa kama anavyosalimiwa mzazi yeyote.

Fundi alianza kusema. Mwenyekiti akagonga rula.

"Samahani, baba. Unanyoosha mkono kwanza."

Akanyoosha. Akaruhusiwa. Alikuwa amepanga maneno njiani, lakini mbele ya nyuso thelathini na sita yalimpotea yote, akabaki na ya kweli tu. Aliwaambia yeye ndiye anayechanganya rangi kiwandani. Kazi ile ndiyo inayomlisha Chiriku na bibi yake, na wengi humu wana baba au mama wanaofanya kazi mlemle. Picha zao ni nzuri, yeye mwenyewe amezistaajabia, lakini mgeni rasmi akiziona atajisikia ametukanwa. "Sisemi mmechora uongo," alimaliza. "Naomba tu msizitundike Jumamosi."

Mikono ilipaa.

"Maji mekundu mnayamwaga kila Jumanne?"

"Si kila Jumanne. Ila nyekundu ikiisha, huwa ni Jumanne. Tunaosha tangi."

"Yakipita, viluwiluwi wanakwenda wapi?"

Fundi alifikiri. "Sijui. Sijawahi kushuka kuangalia."

"Hujawahi?" mtoto alishangaa. "Ni hapo tu!"

Wengine walicheka. Fundi alihisi masikio yanapata moto. Ilikuwa kweli: kutoka tangini hadi bomba linapotokea ni mwendo wa dakika tano, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kwenda.

Akasimama mvulana mwembamba, mtoto wa mchochea tanuri wa kiwandani. "Mimi nakubaliana na baba Chiriku. Baba yangu alikaa nyumbani mwaka mzima kabla ya kupata kazi hiyo. Alikuwa hacheki. Sitaki arudi kukaa." Aliketi.

Msichana mmoja akasema basi watundike zile za juu ya bomba tu. Mwingine akamjibu kwamba hapo itakuwa wamechora mto nusu. Walibishana kwa zamu, bila kelele, wakinyoosha mikono. Fundi alikuwa amehudhuria mikutano mingi ya watu wazima maishani mwake, na hakukumbuka hata mmoja ambao mtu alisubiri mwenzake amalize. Chiriku peke yake ndiye hakusema kitu. Mdomo ule usiopumzika ulikuwa umefungwa.

"Tupige kura," Mwenyekiti alisema. "Wanaotaka picha zote zitundikwe."

Mikono ilinyooshwa, mingine haraka, mingine kwa kusitasita. Fundi alimtafuta binti yake. Mkono wa Chiriku ulikuwa juu, umenyooka, na macho yake hayakuwa kwa mama yake wala kwa Mwenyekiti. Alikuwa akimtazama yeye.

"Ishirini. Wasiotaka."

Hapo Mwalimu akanyoosha mkono wake.

Kwa haki Fundi alipaswa kufurahi. Ndilo alilolijia. Lakini aliuona mkono ule wa mkewe, vidole vina chaki, ukipanda taratibu mbele ya watoto waliougeukia kwa mshangao, na badala ya furaha alijisikia kama mtu aliyeazima kitu akakirudisha kimevunjika.

"Kumi na saba," Mwenyekiti alisema. "Zinatundikwa."

Alipokuwa akitoka alimkuta mkewe na Mwalimu Mkuu barazani. "Wewe mwenyewe umekataa, nimeona dirishani!" Mwalimu Mkuu alikuwa akisema. "Basi zitoe, na mimi nitakuunga mkono."

"Nimekataa, nikashindwa," Mwalimu alijibu kwa sauti yake ya kawaida. "Nikishindwa nazitundika."

*

Jumamosi shule ilifagiliwa hadi uwanjani. Wazazi walikuja na nguo zao za heshima. Picha zilijaa kuta tatu, safu juu ya safu, kwa majuma, hivi kwamba mtu akitembea toka mlangoni hadi dirishani alikuwa ametembea majuma kumi mtoni. Bibi alikuja pia, akasimama mbele ya chura mmoja kwa muda mrefu, akasema anamfanania dereva wa lori aliyewahi kumposa.

Tajiri aliingia na Msimamizi nyuma yake. Alikuwa mzee mpole wa sauti, mwenye miwani, asiyependa kuharakishwa. Alizitazama picha moja moja. Aliuliza habari za kereng'ende, akafafanuliwa na watoto watatu kwa mpigo. Alicheka. Fundi, aliyesimama karibu na dirisha, alianza kudhani labda mzee haoni vizuri, labda yatapita.

Mzee akafika kwenye picha ya Chiriku.

"Hii nzuri sana," alisema, akainama. "Jua linatua, eti? Maji yanawaka."

"Hapana," Chiriku alisema. "Ni Jumanne."

"Sijakuelewa, mjukuu wangu."

"Ni Jumanne asubuhi. Jua halipo hapo. Maji ndiyo yenyewe."

Tajiri alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alirudi nyuma hatua moja, akatazama safu nzima ya zile za chini ya bomba, kisha akazitazama za juu ya bomba. Msimamizi alikohoa, akasema watoto wana mambo, wakipewa rangi wanaongeza chumvi. Maneno yale yaliwafikia watoto, na Fundi aliona mabega ya binti yake yakishuka.

Tajiri aligeuka. "Fundi, wewe ndiye mjuzi. Rangi hii ni ya kwetu, au mtoto kaongeza?"

Msimamizi alimkazia macho. Jibu la kuokoa kila mtu lilikuwa fupi, na lilikuwa tayari ulimini: kaongeza kidogo, mzee, ni mtoto. Wote wangecheka, soda zingefunguliwa. Fundi alimwona mtoto wa mchochea tanuri amemshika baba yake mkono. Alimwona mkewe akitazama sakafu.

"Ni ya kwetu," alisema. "Namba nne. Niliichanganya mimi, na yeye kaipata sawasawa. Hata mimi nisingeipata vizuri zaidi kwa rangi za shule."

Tajiri aliitikia kwa kichwa mara mbili, akashukuru kwa kukaribishwa, akaendelea na ukuta wa tatu. Hakunywa soda. Hotuba yake ilikuwa ya dakika mbili.

*

Jumatatu Fundi alikuta aproni yake imevaliwa na mpwa wa Msimamizi. Yeye alipelekwa kufunga marobota kwenye ghala, kazi ya vijana waliomaliza shule juzi. Kijana mmoja alimfundisha kukaza kamba, akimwita mzee kila neno, na Fundi alimsikiliza maana kweli hakujua. Mchana wa kwanza viganja vilimchubuka. Bibi alipoviona alitaka kwenda kiwandani mwenyewe, na ilibidi fimbo yake ifichwe.

Shuleni watoto walimtaka Mwalimu aeleze kura yake. Chiriku ndiye aliyesimulia habari hiyo, maneno yakimtoka kama maji. "Mama kasema aliogopa! Kasema mbele ya wote! Kasema siku ile alipiga kura kama mke wa mtu, na hajui kama alikosea. Tukampigia makofi. Mwenyekiti akasema makofi hayaruhusiwi."

Mchochea tanuri hakuguswa. Na baada ya mwezi mmoja, mafundi wa kuchimba walikuja nyuma ya kiwanda. Tajiri alikuwa ameagiza shimo la kutuamisha maji kabla hayajafika mtoni. Hakuna aliyejua maji ya kila tangi ni kiasi gani isipokuwa Fundi, kwa hiyo aliitwa kutoka ghalani, akaulizwa, akaeleza, akaambiwa asante, akarudishwa ghalani. Shimo lilichimbwa dogo kuliko alivyosema. Mvua zilipoanza lilifurika mara mbili, na kwa siku hizo mto ulikuwa mwekundu kama zamani. Siku nyingine ulikuwa afadhali.

Jumapili moja alasiri Fundi na Chiriku walibaki peke yao jikoni wakiosha vyombo, yeye akisugua, binti akifuta. Mwalimu alikuwa amemsindikiza Bibi kwa jirani. Chiriku alikuwa amefuta sahani ileile mara tatu.

"Baba."

"Naam."

"Ile siku darasani. Uliuona mkono wangu?"

"Niliuona."

"Nilikutazama makusudi. Nilitaka ujue sijajificha." Aliiweka sahani chini. "Ulikasirika?"

Fundi alikung'uta maji mikononi. Angeweza kusema hapana, na mtoto angeamini, au angejifanya kuamini.

"Nilikasirika. Nilitamani uushushe," alisema. "Nilitamani sana. Halafu nikaona unavyonitazama, nikaingiwa na hofu usije ukaushusha kweli."

Chiriku akachukua sahani nyingine.